Taa Iko kwa Mzee

Watu wa Malaba, mji wa mpakani, wakikuambia wamemjua Nerima tangu akiwa mtoto, waamini nusu. Wanaomjua kweli ni wale waliokula chapati za mamake, Roselyn, kando ya foleni ya malori, wakamwona msichana wa miguu myembamba ameketi juu ya kreti ya soda akisoma kwa mwanga wa yadi. Taa za yadi ile zilikuwa kubwa, zimewekwa kulinda mizigo, na mwanga wake ulimwagika mpaka barabarani. Nyumba ya kina Nerima ilikuwa nyuma tu ya ukuta, na ndani yake mlikuwa na koroboi moja iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga.

"Mama," aliuliza siku moja, "mbona malori yanalala kwa mwanga na sisi tunalala kwa giza?"

"Malori yanalipa ushuru," Roselyn akajibu, akageuza chapati.

Jibu hilo lilimkwama Nerima kooni. Alikwenda nalo sekondari, akaenda nalo chuo kikuu, na maprofesa walipomuuliza ni kitu gani hasa anataka kuchunguza katika uchumi, alisema anataka kujua ni nani anayepata mwanga na ni nani anayeishi kando yake tu. Wakalipa wazo lake jina refu: sera ya kawi mbadala na usawa. Hakulikataa. Jina refu husaidia mtu akitafuta ufadhili. Lakini ukimkuta nyumbani ukamuuliza anafanya kazi gani huko Kisumu anakofundisha, atakwambia kwamba anachunguza taa za watu, na atacheka kabla hujacheka wewe.

Aliolewa Rukala, huko Budalang'i, kwenye tambarare ya mto Nzoia, na mwalimu mmoja mpole aitwaye Oduori. Sasa, mwanamke akiolewa Budalang'i haolewi na mwanamume peke yake. Anaolewa na boma zima. Boma la kina Oduori lilikuwa na nyumba ya baba mkwe, Mzee Egesa, ikitazama lango. Pembeni nyumba ya Oduori, iliyofungwa kwa kufuli miezi mingi kwa sababu wenyewe wako Kisumu. Na upande wa pili nyumba ya Lazarus, ndugu mdogo wa Oduori, turniboi, yaani utingo, wa malori ya Kampala ambaye nyumbani alionekana kwa nadra. Mkewe Lazarus, Naliaka, ndiye aliyeishi hapo na watoto, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu.

Mzee Egesa alikuwa mtu wa kwanza kijijini kufunga sola juu ya bati. Sitanii nikisema aliipenda sola ile karibu sawa na mkewe. Mvua ikinyesha na vumbi likashikana na matone, alipanda ngazi na kitambaa kuifuta, na mkewe, Mama Apeduno, mwanamke wa Kiteso wa kule Amagoro asiyejua kunong'ona, alisimama chini akimwambia kwamba akianguka hatamwokota. Wageni walionyeshwa swichi kabla ya kuonyeshwa kiti.

Na kama hujakulia sehemu hizi, jambo moja lazima ulijue, la sivyo kisa hiki hakitakuingia. Baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao, na heshima yenyewe ni umbali. Mke wa mwana huingia kwa baba mkwe kupeleka chakula; anaweka, anainama kidogo, anatoka. Haketi. Baba mkwe naye hakanyagi nyumba ya mwanawe hata mvua ikimkuta mlangoni. Wakiwa na la kuambiana, lapitia kwa mama mkwe. Ndivyo watu walivyoishi pamoja miaka yote bila kukosana, na Nerima, pamoja na udaktari wake wa vitabu, aliifuata heshima hiyo kikamilifu. Aliipenda, hata.

Ikaja projekti. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa jua karibu na senta ya Rukala, pale penye soko na maduka, na kutoka hapo kusambaza nyaya. Nyaya zenyewe hazingetosha kila mahali kwa mara moja. Zianzie wapi? Zikianza na maduka ya senta, vijiji vingengoja miaka, na zikianza na vijiji, wenye maduka wangenuna. Kamati ya projekti ikamwomba Nerima afanye utafiti, aseme kwa haki ni nani aliye gizani zaidi. Alifurahi hadi akampigia mamake simu. Kazi ya maisha yake ilikuwa imemfuata hadi kwa wakwe.

Alichagua vijana wa kuuliza maswali kutoka Funyula, Mundika na Budalang'i yenyewe, na akahakikisha ni vijana waliolelewa vizuri. Hapo ndipo alipojiponza.

Kijana aliyelelewa vizuri akiingia boma anakwenda kwanza nyumba ya mzee. Anasalimu, anaketi, anakunywa chai. Anauliza, "Mzee, hapa kwenu kuna taa ya stima au ya sola?" Mzee anasema iko. Basi, boma limejibu. Kusimama baada ya hapo ukavuka ua na kwenda kuuliza swali lile lile jikoni kwa mke wa mwana ni sawa na kumwambia mzee machoni kwamba amedanganya. Hakuna aliyefanya hivyo. Ken, mwenzake Nerima wa kuchambua takwimu, mtu wa Nairobi asiyejua boma lina milango mingapi, alikuwa ameuliza kwa simu mbona wasigonge kila nyumba.

"Ken, hapa si fleti," Nerima alimjibu. "Hapa mzee akishajibu, wote wamejibu."

Alijivuna kidogo aliposema hivyo. Ni tamu kumfundisha mtu wa Nairobi kitu. Ripoti ikaandikwa, ikasema kwamba vijiji vya tambarare vimejitahidi, maboma mengi tayari yana mwanga wa sola, na kwa hivyo ni haki nyaya zianze na senta. Ikatumwa. Kamati ingekutana Busia mjini Ijumaa kuipitisha.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo Mama Apeduno alipiga simu kulalamika kwamba mkaza mwana wake msomi anapita kwenda Busia bila hata kuchungulia nyumbani, na kwamba kama anadhani ripoti inapikika kwenye sufuria, aendelee tu. Nerima akakata kona kwenda Rukala. Alifika mvua ikianza, akavua viatu, akajifunga leso na kuingia jikoni kwa Naliaka, kwa sababu msomi au si msomi, mke wa boma hapikiwi akiwa na mikono.

Walichambua mrenda wakipiga soga. Giza likaingia mapema kwa sababu ya mawingu. Nerima alikuwa na kisu mkononi na hakuona tena anachokata.

"Naliaka, si uwashe taa."

Naliaka alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu kama mtu aliyesikia mgeni akiomba barafu shambani. "Taa gani, dada? Taa iko kwa mzee."

Akainuka, akawasha koroboi, akaiweka kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Mwanga mwekundu ukaangukia rundo la mashati meupe, na juu yake shati moja lililoungua mkono. "Hilo nililichoma juzi," Naliaka akasema. "Nilisogeza taa nione sindano, moto ukaruka. Nashukuru Mungu haikuwa mtoto. Siku hizi giza likianza tu naacha kushona, na mwalimu mkuu anataka zote mwezi ujao. Akikosa atapeleka kazi Busia."

"Na huwezi kupeleka cherehani kwa mama, sebuleni?"

"Nikae wapi? Kwa kiti ya mzee?" Naliaka akamtazama kama anayemwuliza kama ni mzima. "Watoto wanaenda kusoma huko, hiyo ni sawa, ni babu yao. Mimi naenda kuweka ugali narudi. Si hata wewe ni hivyo?"

Ilikuwa hivyo. Nerima aliketi na kisu chake. Kupitia mlangoni aliona dirisha la Mzee Egesa linang'aa manjano ng'ambo ya ua, zuri, jinsi alivyoliona tangu aolewe, akalisifu, akampigia mumewe simu kulisifu. Hakuwahi hata mara moja kuketi chini ya taa hiyo. Na boma hili lilikuwa ndani ya utafiti wake. Lilikuwa limehesabiwa kuwa na mwanga. Naliaka alihesabiwa kuwa na mwanga. Yeye mwenyewe, mwenye nyumba iliyofungwa kufuli, alijihesabu kuwa na mwanga.

Uso ulimwaka. Aliwaza juu ya maboma yote yale, wake wa wana wote wale wanaofukiza macho kwa mafuta taa huku ripoti yake ikiwapongeza. Ijumaa ikipita, Naliaka angeendelea kuchoma mashati mpaka wateja wamwishie, na aliyemfanyia hivyo si serikali wala kampuni. Ni yeye Nerima, kwa adabu.

Alimpigia Ken akiwa amesimama chini ya bati la jikoni.

"Daktari, ripoti imeshaenda," Ken akasema. "Ukienda kuwaambia umekosea, nani atakupa kazi tena?"

"Najua."

"Na hata ukirudia, si bado ni wazee wale wale?"

Ken, kwa kutojua kwake kote, alikuwa amegusa kidonda. Jumatano asubuhi Nerima alimwita Maurine, msichana wa Funyula aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kuuliza, wakaingia boma la jirani. Walimsalimu mzee wa hapo, wakamwomba ruhusa kwa unyenyekevu wote, wakavuka ua hadi kwa mke wa mwanawe. Maurine akauliza kama nyumba yake ina taa. Yule mama kijana akatazama koroboi iliyoning'inia msumarini, akatazama ng'ambo ya ua ambako baba mkwe amekaa akisikiliza redio bila kusikiliza, akasema, "Kama baba amesema iko, iko." Boma la pili, hivyo hivyo. Katika la tatu mke wa mwana alikimbilia kisimani akiona wanakuja. Maurine alifunga simu yake na kusema kwamba hata angekuwa yeye asingesema tofauti, na Nerima alijua ni kweli.

Alirudi nyumbani akaketi jikoni kwa Naliaka na kulia kidogo, kilio cha hasira. Mama Apeduno akamkuta hivyo.

"Nani amekufa?"

Nerima akamweleza yote. Alimweleza kwa uangalifu, akizungusha maneno, kwa sababu hakuna njia rahisi ya kumwambia mama mkwe kwamba jibu la mumewe, la kweli kabisa, limewaacha wengine gizani. Mama Apeduno alisikiliza akisugua sufuria kwa majivu. Alipomaliza aliinua sufuria, akaitazama kama imeng'aa, akaondoka nayo kuelekea nyumba kubwa bila kusema neno. Mtu asiyejua kunong'ona akinyamaza, utetemeke.

Kutoka jikoni walisikia sauti yake tu, ikipanda. Ya mzee haikusikika. Naliaka alishika mkono wa Nerima. "Dada, umefanya nini? Atasema tumemwita mwongo." Hawakupata jibu jioni ile. Chakula kilipelekwa, kikapokelewa, vyombo vikarudi vitupu, kwa hiyo angalau alikula.

Alhamisi mapema Nerima aliamshwa na mlio wa baiskeli ikitolewa ukutani. Alichungulia. Mzee Egesa alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, siku ya kazi, akatoka langoni akiendesha polepole kwenye tope. Akaingia boma la jirani. Akatoka na mzee wa hapo, naye amevaa koti. Wakaingia la tatu.

"Anaenda wapi?" Nerima akamwuliza mama mkwe.

"Sokoni."

"Kufanya nini?"

"Kukaa." Mama Apeduno alijaribu kutabasamu na kununa kwa wakati mmoja. "Jana alikula kwanza. Halafu akaniambia, mzee akiwa nyumbani mgeni anamsalimia yeye. Mzee akiwa hayuko, mgeni anasalimia mwenye yuko. Hiyo si kukosa heshima. Hiyo ndio heshima yenyewe. Sasa anawatoa wote. Anawaambia wasirudi mpaka aseme."

Nerima alimkumbatia, majivu na yote.

Siku hiyo senta ya Rukala iliona kitu ambacho haijaona hata wakati wa mafuriko. Wazee wa vijiji vya jirani walijaza vibanda vya chai asubuhi, wakakaa. Walioulizwa kama kuna mkutano walisema hakuna. Walioulizwa kama kuna msiba walisema hakuna. Walikunywa chai, wakamaliza habari zote za dunia, wakaanza kulalamika kwamba njaa inauma, na kila mmoja akiinuka kutaka kwenda nyumbani Mzee Egesa alimwambia, "Keti, boss. Bado wanaongea."

Na kweli walikuwa wanaongea. Maurine na wenzake waliingia boma baada ya boma na, kwa kuwa mzee hayuko, walisalimia aliyekuwepo, na aliyekuwepo alivuta kigoda. Wake wa wana waliongea kama maji yaliyovunja tuta. Walionyesha dari nyeusi za moshi, watoto wanaokohoa, simu zinazopelekwa kwa babu kuchajiwa na kurudi bila chaji kwa sababu babu alikuwa anasikiliza mpira. Walicheka sana. Kulikuwa na mmoja, mjane, aliyemwambia Maurine kwamba tangu aolewe hajawahi kuulizwa swali lolote na mtu wa projekti, na akamrudisha kutoka langoni ili amjibu tena vizuri zaidi. Jioni, Mzee Egesa aliporuhusu watu wake waende, walikuta chakula kimechelewa kwa sababu wapishi walikuwa wanahojiwa. Hakuna aliyelalamika, au kama alilalamika, alilalamika chini chini.

Ijumaa, Busia mjini, Nerima alisimama mbele ya kamati na kusema ripoti yake ya kwanza ina kosa, na kosa ni lake, kisha akaweka mezani mpya aliyokesha akiiandika. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, aliinua zote mbili.

"Sasa daktari, tuamini gani? Ya kwanza ama hii?"

"Ya kwanza niliuliza kama boma lina taa," Nerima akasema. "Hii nimeuliza ni nani anakaa chini yake."

Mwenyekiti alivua miwani. Pengine naye ni mke wa mwana wa mtu mahali fulani. Walizozana mpaka chakula cha mchana kikapoa, wenye maduka wakawakilishwa na mtu wao aliyepiga meza, lakini mwishowe ikaamuliwa: nyaya zianze na vijiji, na stima iingie kila nyumba yenye jiko lake. Isiishie nyumba moja ya mbele ya boma. Nerima alitoka nje akasimama kando ya barabara, malori yakimpita kuelekea mpakani, akamshukuru Mungu kwa sauti. Boda boda mmoja akadhani anamwita.

Baadaye alichapisha utafiti huo, na mwisho wake aliandika shukrani kwa wazee wa tambarare ya Rukala waliokwenda kukaa sokoni. Wahakiki waliandika kuuliza maana yake na kama kweli inahitajika. Akawajibu kwamba bila hiyo hakuna utafiti. Iliachwa.

Stima ilifika kijijini msimu wa kiangazi. Nerima na Oduori walikuja na watoto, wakafungua kufuli lao, wakafagia. Jua lilipozama Naliaka alibonyeza swichi, akapiga kelele kama msichana, kisha akaketi kwenye cherehani na kuanza kushona, mlango wazi, mashati yakimtiririka miguuni. Mwanga ulitoka mlangoni mwake, ukavuka ua, ukafika karibu na kiti cha Mzee Egesa, aliyekuwa ameketi nje kwake akitazama nyumba ambayo hatawahi kuiingia.

Nerima alikuwa anapita na chakula chake. Aliweka sinia mezani, akainama kidogo, akageuka kuondoka kama kawaida.

"Daktari," mzee akasema.

Alisimama. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita. Mama Apeduno, aliyekuwa mlangoni, aliacha mdomo wake wazi.

"Niliwaza nimewaletea taa," Mzee Egesa akasema, macho bado ng'ambo. "Siku ingine ukikuja kuuliza, niulize mimi mwisho."

Nerima alitaka kumwambia kwamba hakuna kitu chochote alichojifunza chuoni kilichomfaa kama asubuhi ile ya baiskeli, kwamba anamshukuru, kwamba ataendelea kumshukuru. "Asante, baba," akasema, na machozi yakamtoka pale pale uani, mbele ya baba mkwe, jambo ambalo pia si heshima.